Baba Mdogo Yuko Wapi?

ZAINABU: Kipindi chetu leo ni mafunzo kwa vikundi vya sanaa, nami naanza na hiki: Jumamosi nilikuwa kijijini kwa shangazi. Vijana wa kikundi cha sanaa wakaja kuigiza chini ya mwembe, mchezo wa binti wa darasa la sita anayetolewa posa. Baba mtu kaketi, mshenga kaingia, na baba akataja mahari mwenyewe. Bibi mmoja akanyanyuka: "Wee! Baba gani anataja mahari kwa kinywa chake? Baba mdogo yuko wapi?"

HAMISI: Mchezo unaendelea?

ZAINABU: Unaendelea! Kajifunga kanga kiunoni, kaingia uwanjani, kamvuta mzee mmoja kutoka kwa watazamaji awe baba mdogo. Posa ikaanza upya.

HAMISI: Basi mgeni wetu leo ni baba mdogo. Karibu baba mdogo.

ZAINABU: Na anastahili kukaribishwa. Yule mzee hakufundishwa na mtu. Kamtazama mshenga, kasema: "Rudini na mahari yenu. Huyu anasoma." Vigelegele!

HAMISI: Kamiriithu hiyo, kijiji cha Limuru, Kenya, 1977. Waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipeleka muswada wa Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu, wanakijiji wakaukosoa: mzee wa hapa hazungumzi hivi. Ukumbi wa wazi wakajijengea wenyewe. Novemba serikali ikafuta kibali cha maonyesho, Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi.

ZAINABU: Kilichoogopwa ni nini kama si baba mdogo?

HAMISI: Dada Zai, huyu baba mdogo atatumalizia kipindi. Na hapa sikubaliani nawe. Je, kama yule mzee angesema "napokea"? Binti wa darasa la sita yuko pale anasikia. Tangu 2016 Sheria ya Elimu ya Tanzania inampa anayeoa mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Kikundi lazima kiwe na msimamo, si kumwachia yeyote atakayeingia.

ZAINABU: Sheria wanaijua, ndiyo maana mambo hufanyika kwa siri. Mwandishi wa tamthilia Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianza kwa kuuliza: nini kinawasumbua? Maigizo na ngoma vikatoka humo, kisha mjadala. Ukija na jibu mkononi, watu watacheka, watapiga makofi, watakwenda kuoza watoto.

HAMISI: Na mkijadili, nani anamlinda yule binti?

ZAINABU: Yule mzee! Sasa amesema mbele ya kijiji kizima. Kesho akipokea mahari atapita wapi?

HAMISI: Huyo mmoja. Mimi nauliza kijiji ambacho baba mdogo ni mwingine.

ZAINABU: Huko bibi atanyanyuka tena.

HAMISI: Akinyamaza je?

ZAINABU: Hawanyamazi, Hamisi.

HAMISI: Wananyamaza sana. Haya, fundi anatuonyesha dakika moja. Tuliahidi mafunzo matatu kwa vikundi vya sanaa.

ZAINABU: Hata la kwanza hatujaligusa.

HAMISI: Niseme langu tu: nafasi ya kupinga iandikwe ndani ya mchezo, isingoje bahati.

ZAINABU: Ukishaiandika ni yako, si yao.

HAMISI: Si kweli.

ZAINABU: Ni kweli kabi—

HAMISI: Muda, dada. Muda.