Muda na Mikono: Jikoni na Sherehe katika Maisha ya Wamalay

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana, assalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumze juu ya chakula cha Wamalay wa Malaysia, cha nyumbani na cha sherehe, na ningeweza kuimaliza saa hii kwa kuwatajia majina ya vyakula tu, maana ni vingi na karibu vyote vinatia hamu. Sitafanya hivyo. Hoja yangu ni moja, nayo ni kwamba chakula cha sherehe cha Wamalay, kwa sehemu kubwa, si chakula kingine mbali na kile cha kila siku, bali ni kilekile kilichoongezewa muda na mikono. Mchele ndio uleule, nazi ndiyo ileile, na viungo vinatoka katika kapu lilelile. Kinachobadilika ni saa ambazo chungu kitakaa motoni na idadi ya watu watakaokizunguka. Tukiliona jambo hilo vizuri, tutaelewa pia kwa nini maisha ya mjini yameitikisa sherehe ya Kimalay kuliko yalivyoutikisa mlo wa kawaida.

Tuanze na huo mlo wa kawaida. Katika nyumba ya Kimalay wali ndio mlo, na vinginevyo vyote ni kitoweo. Hupikwa mweupe, mkavu, bila chumvi wala mafuta, kisha katikati ya mkeka au meza huwekwa samaki wa kukaanga au wa mchuzi, mboga moja, na kibakuli cha sambal, yaani pilipili mbichi zilizotwangwa katika kinu cha jiwe pamoja na belacan na kukamuliwa ndimu. Belacan ni uduvi uliotiwa chumvi, ukachachuka, ukapondwa na kuanikwa juani hata ukashikamana kuwa kipande kigumu cha kahawia iliyokoza. Kabla ya kutwangwa huchomwa kidogo motoni, na harufu yake wakati huo haihitaji mjumbe, hufika kwa jirani yenyewe. Pembeni huwekwa ulam, majani mabichi ya namna mbalimbali, mengine yenye uchungu kidogo, ya kuchovya katika sambal. Watu hunawa, hula kwa mkono wa kulia, na kila mmoja huchota kidogo kidogo kutoka vyombo vya katikati, kwa sababu si adabu kujilundikia kitoweo sahanini kwa mkupuo mmoja wakati wenzako hawajagusa.

Pilipili tunayoiona leo kuwa ndiyo roho ya jiko hilo ni mgeni. Asili yake ni Amerika, nayo ilifika huko katika zama za Wareno, ambao waliuteka mji wa bandari wa Melaka mwaka 1511, miaka sita tu baada ya kuzishambulia Kilwa na Mombasa. Kabla yake ukali wa chakula ulitoka katika pilipili manga na tangawizi.

Habari ya nazi, wasikilizaji wa pwani hawahitaji kuelezwa sana. Kifaa cha kukunia ni kilekile, kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno, na mkunaji hukikalia kama mkunaji wa Lamu au Pemba anavyoikalia mbuzi yake. Kasimele hutengwa, tui jepesi huanza kupika, na kasimele huingia mwishoni. Wali wa nazi wanao, tena ndio mlo wao mashuhuri wa asubuhi, nasi lemak. Tofauti ni kwamba chunguni hutiwa majani ya pandan, mmea wa jamii moja na mkadi. Sisi mkadi tunaufunga katika kikuba, wao pandan wanaitia jikoni, na sijui nani kati yetu anayefaidi zaidi. Wali huo hufungwa katika jani la mgomba pamoja na sambal iliyokaangwa, dagaa wakavu waliokaangwa wakawa wakakamavu, karanga, vipande vya tango na yai. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa mlo wa asubuhi wa Malaysia katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, na nasi lemak ikiwamo. Ni heshima kubwa kwa mlo ambao watu wengi huununua kwenye meza ya kando ya barabara wakiwa njiani kwenda kazini.

Sasa natoka katika siku ya kawaida kwenda katika siku kuu, na nitatumia rendang kama kielelezo, kwa sababu ndani yake hoja yangu inaonekana kwa macho. Chukueni nyama ya ng'ombe. Twangeni vitunguu, saumu, tangawizi, mchaichai, pilipili kavu zilizolowekwa, na lengkuas, ambao ni mzizi wa jamii ya tangawizi wenye harufu kali zaidi. Wekeni vyote chunguni na tui jingi. Baada ya saa moja mnao mchuzi wa nazi, chakula kizuri cha siku yoyote, na mama mwenye watoto wenye njaa angeupakua hapo hapo. Anayepika kwa ajili ya sikukuu haupakui. Anaendelea. Tui linapungua, linakuwa zito, linaanza kugeuka rangi kutoka njano kwenda kahawia, na kuanzia hapo mwiko hauruhusiwi kupumzika, maana chini kunashika. Kisha linatokea jambo ambalo mpishi amelingojea muda wote huo: tui linakatika, mafuta ya nazi yanajitenga na kuelea, na nyama iliyokuwa ikichemka inaanza kukaangika katika mafuta ya tui lake yenyewe. Hapo huongezwa majani ya mmea wa manjano, ile bizari, yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na kerisik, yaani nazi iliyokunwa, ikakaushwa kikaangoni bila mafuta hata ikawa kahawia, ikatwangwa mpaka ikatoa mafuta. Kazi yote huchukua saa tatu, nne au zaidi. Nyama iliyopikwa hivyo hukaa siku nyingi bila barafu wala jokofu, na kwa hiyo ilifaa watu ambao nyumba zao zingepokea wageni mfululizo.

Baadhi yenu mtakumbuka kisa cha mwaka 2018, pale mwamuzi wa shindano la mapishi katika televisheni ya Uingereza alipomlaumu mshiriki mzaliwa wa Malaysia kwamba ngozi ya kuku wake wa rendang haikuwa kavu ya kutafunika. Malaysia, Indonesia na Singapore ziliungana kwa ghadhabu, jambo ambalo si la kila siku, kwa kuwa kwa kawaida hugombania rendang ni ya nani. Watu walicheka, lakini ghadhabu ile ilikuwa na msingi. Kumtaka kuku aliyepikwa polepole ndani ya tui awe mkavu wa ngozi ni kuutupa muda wote uliomfanya awe rendang.

Ketupat ni hoja hiyohiyo kwa upande wa wali. Ni kifuko kilichosukwa kwa makuti machanga, hutiwa mchele karibu nusu, kikafungwa na kuchemshwa kwa saa nyingi kikiwa kimezama majini. Mchele huvimba, hukosa pa kwenda, hujibana, na ukikatwa hutoka vipande vilivyoshikana. Hakuna kilichoongezwa zaidi ya ususi na kuni. Katika majimbo ya kaskazini na mashariki kuna aina nyingine ya pembe tatu, ya mchele wa kunata uliopikwa na tui na kufungwa katika jani la palas, mmea wa jamii ya mnazi. Lemang nayo ni mchele wa kunata na tui ndani ya pingili ya mwanzi iliyotandazwa jani la mgomba, ikaegemezwa kando ya moto mkesha wa Idi, ikigeuzwa kila mara ili isiungue upande mmoja. Na dodol, kitamutamu cha unga wa mchele wa kunata, tui na sukari ya utomvu wa mnazi, hukorogwa katika karai kubwa tangu asubuhi, na kadiri inavyoiva ndivyo inavyokuwa nzito, hata wanaume wenye misuli hupokezana mwiko. Wapishi wa halua wa Unguja na Muscat wangeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Mtaniuliza kuhusu harusi, ambako hula nasi minyak, wali wa samli wenye hiliki, karafuu na mdalasini, pamoja na kuku wa mchuzi mwekundu. Huo, nakiri, si mlo wa kila siku. Samli na viungo vyake vinaonyesha mkono wa India na nchi zilizo mbele yake, na kwa hiyo hoja yangu ina mpaka wake hapa. Lakini hata harusini, kitu kinachosifiwa au kulaumiwa na wageni mara nyingi si wali huo. Ni gulai ya nyama iliyopikwa nje juu ya kuni katika makarai makubwa, na hiyo ni mchuzi wa nyumbani uliokuzwa kufikia watu mamia.

Na hapo ndipo linapokuja suala la mikono. Kenduri, yaani karamu ya Kimalay, kwa desturi haipikwi na mwenye nyumba. Hupikwa na mtaa. Sehemu nyingi huiita kazi hiyo rewang. Siku moja au mbili kabla, wanaume husimamisha bangsal, yaani banda la muda, nyuma ya nyumba, huchinja ng'ombe, hupasua kuni na kupanga mafiga. Wanawake huketi duara juu ya mikeka, mbele yao vilima vya vitunguu vidogo, visu vikienda na maneno yakienda, na humo ndimo habari za mtaa zinamopita zote: nani anaumwa, nani amepata kazi Kuala Lumpur, binti wa nani amefikia umri. Wasichana hupewa kazi za pembeni kwanza, kama kuondoa vichwa vya dagaa au kufunga mayai ya kuchemsha ya zawadi ambayo kila mgeni huondoka na moja. Makaraini husimama wanaume, kama ilivyo kwetu kwenye pilau ya harusi, na mkuu wao hana mizani. Hutazama gunia, huuliza idadi ya waalikwa, huonja kwa ncha ya kidole, akatoa amri. Hakuna anayelipwa. Wengine huja na mchele, wengine na nazi au sukari, na mwenye nyumba hukumbuka, kwa kuwa siku ya kwao atatakiwa kuwapo. Asiyekwenda kwa wenzake atasimama na makarai yake peke yake.

Karamu hizi hufuata maisha hatua kwa hatua. Mtoto akizaliwa, mama hukaa ndani siku 40 au 44 kwa chakula cha masharti, kikiwamo haruan, samaki wa maji baridi ambaye huaminiwa kuponya kidonda, kisha mtoto hunyolewa na kufanyiwa akika. Akihitimu Kurani hupikwa pulut kuning, wali wa kunata uliotiwa manjano, na mara nyingi wali huohuo huonekana tena siku ya tohara. Baada ya mazishi kuna kisomo na chakula, chenye siku zake zilizozoeleka, ikiwamo ya arobaini. Msikilizaji wa Mombasa au Bagamoyo hapo hatajiona mgeni, kwani Uislamu wa madhehebu ya Shafii umezifikia pwani zote mbili kwa njia ya bahari hiyohiyo.

Jimbo la Negeri Sembilan lahitaji neno la peke yake. Humo wamo watu wa asili ya Minangkabau kutoka Sumatra, ambao kwa mila yao ardhi ya ukoo na nyumba hurithiwa kwa upande wa mama. Jiko la nyumba ya namna hiyo lina mwenyewe, na bwana harusi anayehamia humo huila mchuzi wa tui, manjano na pilipili kichaa wa mama mkwe wake akiwa mgeni kwa maana kamili ya neno hilo.

Mjini mambo yamegeuka. Kwenye ghorofa hakuna nyuma ya nyumba pa kuweka mafiga, na jirani anatoka kazini saa mbili usiku. Harusi nyingi sasa hukodiwa wapishi, ambao huja na mahema, meza na sahani zao. Tui hununuliwa katika pakiti, na ketupat huuzwa ikiwa mchele ndani ya vifuko vidogo vya plastiki, wa kuchemshwa tu. Mlo wa kila siku haukuumia sana kwa mabadiliko haya, kwani samaki na sambal havidai saa nne. Iliyoumia ni sherehe, kwa sababu ilijengwa juu ya vitu viwili ambavyo mji unavinyima. Ndiyo sababu, nadhani, kila Idi barabara kuu hujaa magari ya watu wanaorudi vijijini kwa wazazi, na ndiyo sababu marufuku ya kusafiri kati ya jimbo na jimbo katika Idi za 2020 na 2021, wakati wa korona, iliuma kuliko hasara ya safari yenyewe. Mtu alibaki mjini na viungo vyote kabatini, bila wa kupokezana naye mwiko.

Nisingependa mtoke hapa mkidhani kwamba yote yamekwisha. Wamalay wa mjini wanayo rumah terbuka, nyumba iliyofunguliwa kwa wageni wa kila dini katika mwezi wote wa Shawwal, na hiyo imerudisha angalau wingi wa walaji. Wingi wa wapishi ni jambo jingine. Mwanafunzi akiniuliza aende wapi kuuchunguza upishi wa pamoja wa Kimalay, simshauri aanzie kwenye harusi kubwa, ambako huenda akamkuta mpishi wa kukodi na mkataba wake. Atafute kisomo cha kawaida cha kijijini, cha watu thelathini au arobaini, ambacho ni kidogo mno kukodiwa mpishi na kikubwa mno kwa mwanamke mmoja. Huko bado mtu wa nyumba ya pili huja alasiri na kisu chake mwenyewe.