Rosta ya Jumapili Usiku

Mabibi na mabwana, wenye hoteli, mameneja, nanyi masupavaiza mliokuja na madaftari, asalaam aleikum na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja jioni hii.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumfanya mfanyakazi aipende kazi na aifanye kwa moyo. Nitaanza na ukuta.

Nilikuwa msimamizi wa wahudumu wa vyumba katika hoteli moja ya ufuoni, upande wa kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Desemba moja, hoteli imejaa pomoni, mgeni akatuita usiku. Nyuma ya kabati la chumba chake ukuta umevimba, rangi imebanduka, kuvu imepanda hadi darini. Bomba la kiyoyozi lilikuwa likivuja ndani kwa ndani muda mrefu. Tukakifunga chumba kile na cha jirani yake mpaka sikukuu zikatupita. Nikamwita dada aliyekuwa akisafisha upande ule, nikamuuliza, hukuona? Akanijibu kwa adabu kabisa: "Niliona, mama. Tangu mwezi wa tisa. Lakini mimi ni wa wiki hii tu. Wiki ijayo sijui kama nitaitwa."

Nilikasirika. Nilipofika nyumbani ndipo neno lake likanikaa moyoni. Dada yule alikuwa akiitwa katika hoteli ile kwa miaka minne, na aliyekuwa akimwita ni mimi. Kila Jumapili, saa tatu usiku, nilikuwa natuma rosta kwa simu: mwenye jina aje, asiye na jina angoje. Mtu akaaye Likoni anangoja hadi saa tatu usiku ajue kama alfajiri atavuka feri au hatavuka, kama mwenye duka atamkopesha unga au atamfungia. Na mimi Jumatatu nasimama mbele yake namhimiza aione hoteli kama yake.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Mtu asiyejua kama kesho yumo, hawezi kukutunzia kitu kitakachoharibika mwezi ujao. Si mvivu, wala hana roho mbaya. Wewe ndiye uliyempa siku moja, naye anakurudishia kazi ya siku moja.

Lugha yetu yenyewe yashuhudia. Kibarua ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku, akionyeshe ndipo alipwe. Jua likishakuchwa, hakuna deni baina yenu. Na mtu akifutwa kazi twasema kibarua chake kimeota nyasi. Mji huu umebebwa na vikaratasi hivyo. Kule bandarini Kilindini meli zilipakuliwa miaka mingi na watu waliookotwa langoni asubuhi na kuachwa jioni. Januari 1947 mji ukasimama. Makuli wa bandari, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani, wapatao 15,000, waligoma kwa karibu wiki mbili. Walikuwa wakikutana kwenye uwanja mmoja wakauita Kiwanja cha Maskini. Kilio chao kikubwa kilikuwa mshahara uliozidiwa na bei za vitu baada ya vita. Lakini wakubwa wa serikali ya kikoloni na wa makampuni walijifunza na jambo la pili: mtu anayeokotwa na kutupwa hana sababu ya kuilinda kazi. Katika miaka iliyofuata bandari ikawaandikisha makuli, iwe na watu wake wanaojulikana. Hawakusukumwa na huruma. Waliogopa hasara.

Huko Marekani hesabu hiyo ilikuwa imeshafanywa. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kilihitaji watu wapatao 14,000, lakini ili kuwapata hao ilibidi kuajiri zaidi ya 52,000 mwaka huohuo, kwa jinsi watu walivyokuwa wakiingia na kutoka. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu mara mbili ya malipo ya awali, na watu wakakaa. Simsifu kwa kila kitu. Alituma wakaguzi hadi majumbani mwa wafanyakazi, waangalie wanavyoishi kabla ya kuwapa malipo hayo kamili, na kwangu hilo ni kumvunjia mtu heshima. Lakini alitambua kwamba mtu akiondoka, ujuzi aliofundishwa anaondoka nao.

Turudi kwetu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinasema kibarua akishafanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wengi humu mnakijua kifungu hiki. Na wengi humu, naomba mniwie radhi, huwapumzisha watu siku mbili tatu kabla mwezi haujatimia ili kukikwepa. Wafanyakazi wanaziona siku hizo. Wanazihesabu kuliko mnavyozihesabu nyinyi.

Nilichofanya mimi kilikuwa kidogo. Rosta ikawa ya wiki mbili, ikabandikwa ukutani Ijumaa mchana, na anayetaka kubadilishana zamu na mwenzake akaruhusiwa. Nikapeleka kwa meneja majina ya tuliokuwa tukiwaita mwaka hadi mwaka, nikaomba wapewe mikataba. Tulibishana miezi kadhaa, wakapewa baadhi yao. Tena kila asubuhi, kabla hatujagawana funguo, tukawa tunasimama dakika tano, naanza na swali moja: jana nini kiliwashinda? Jibu linaandikwa ubaoni pamoja na jina la atakayelitengeneza. Wiki ya kwanza walinyamaza. Wiki ya tatu ubao haukutosha: gurudumu la toroli, taulo zinazorudi dobi zimelowa, mlango wa ghorofa ya pili unaokwaruza. Lakini angalieni hapa. Jambo likikaa ubaoni siku kumi bila kuguswa, ubao huo unageuka adui yenu. Mara nyingi ni afadhali msiulize kuliko kuuliza na kunyamaza.

Najua mtaniuliza, na masika je? Aprili hadi Juni wageni wanapungua, fedha hakuna. Ni kweli. Basi semeni mapema. Mwezi wa Februari mwiteni kila mtu mumwambie siku atakazopata Mei. Sheria inampa mwajiriwa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, pangeni sehemu yake wakati huo kwa kukubaliana naye. Siku chache zilizobaki wagawieni wote, wala msiwaweke watano wa mwaka mzima na kuwatupa kumi. Mtu huvumilia habari mbaya aliyoijua mapema.

Kuhusu picha ya mfanyakazi bora wa mwezi, fulana za kampuni na michezo ya siku moja ufukweni, sina ugomvi navyo. Vifanyeni, lakini baada ya haya.

Dada wa kwenye ukuta alipata mkataba Machi iliyofuata. Mwezi wa nne akanijia kabla ya kikao, hajavaa hata sare: "Mama, chumba cha mwisho kule juu, nasikia harufu ya unyevu na siuoni unatoka wapi." Fundi alifungua dari siku hiyohiyo.

Sasa nataka kuwasikia. Tuanze na dada wa pale nyuma, nimemwona akiandika tangu nilipotaja Jumapili usiku.