Sifa za Shangazi wa London Si Soko

Nianze pale pale ninapoanzia kila mara. Wale mliokwisha kunisikia mnistahimilie, maana kosa hili la kudhani sifa za ndugu ni soko la nje bado linafilisi wasindikaji wa ubuyu. Msindikaji anatengeneza ubuyu mzuri, wenye sukari, iliki na rangi nyekundu. Shangazi anasafiri kwenda London, anafungashiwa kilo mbili. Baada ya wiki ujumbe unaingia: “Mashaallah, mtamu! Leteni zaidi!” Msindikaji anakopa, anachapisha pakiti 5,000.

Jamani, yule shangazi hakuonja ubuyu. Alionja Darajani, soko la kwao Zanzibar, alionja utoto wake. Tena alipewa bure, anakupenda, na anajua kumung'unya akatema kokwa. Mgeni atakayeuona dukani hana hata kimoja kati ya hivyo.

Najua mtaniambia, “Lakini Waswahili wa ughaibuni nao ni wateja.” Ni wateja, na wanastahili bidhaa nzuri. Basi wauzie, usiwape! Anayesifu cha bure hajakuambia lolote kuhusu bei.

Jaribio lenyewe liende hivi. Tafuta watu 30 wasiokujua wewe wala ndugu zako, katika mji unaotaka kuuza. Andaa sampuli mbili tu, kwa sababu uchachu wa ubuyu hukaa kinywani, na ya tatu haitaonjwa kwa haki. Usiziite A na B, mtu huielemea A. Zipe namba, tuseme 417 na 682. Nusu ya watu waanze na hii, nusu na ile. Maji ya kusukutua katikati. Sampuli zitofautiane kwa kitu kimoja: ama sukari, ama rangi. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimefanya kazi.

Kisha nyamaza, tazama midomo. Akitokea hata mmoja aliyeng'ata kokwa, hilo ni tokeo kubwa kuliko sifa zote atakazokupa. Maelezo ya namna ya kula yaende mbele ya pakiti, kwa maandishi makubwa, au uache kuuza wenye kokwa.

Wala usiulize “umependa?” Waingereza wana adabu, watasema ndiyo. Mwisho weka mezani pakiti moja ya namba aliyoichagua na pauni 3, ikiwa hiyo ndiyo bei unayokusudia, umwambie: ahsante kwa muda wako, chagua kimoja. Hesabu waliochukua ubuyu. Hesabu hiyo ndiyo ya kumpelekea mwenye duka, si ujumbe wa shangazi.

Lakini kabla hata ya kununua sukari, soma sheria. Mtu ananiambia, “Ubuyu umekubaliwa Ulaya.” Ndiyo, tangu 2008, ulipoidhinishwa kama chakula kipya, yaani kisichokuwa kikiliwa sana huko zamani. Someni kilichoidhinishwa: unga wa tunda uliotenganishwa na ganda na mbegu. Wewe unauza mbegu iliyovikwa unga na sukari. Je, hiyo nayo imo kwenye idhini? Swali hilo liulize kwa maandishi kwa mamlaka ya chakula ya nchi husika, jibu lije kwa maandishi, ndipo uchapishe pakiti.

Na rangi? Kama kopo la rangi limeandikwa “nyekundu” tu, halina namba, lirudishe dukani. Ikiwa ni E122, namba ya rangi nyekundu ya viwandani, Ulaya na Uingereza zinaruhusu katika baadhi ya vyakula, kwa viwango, lakini lebo lazima ionye kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Mzazi gani atanunua peremende yenye onyo hilo? Marekani rangi hiyo hairuhusiwi kabisa katika chakula. Kwa hiyo ubuyu wa rangi hiyo haufai masoko yote mawili. Ndiyo maana nasema sampuli ya pili iwe isiyo na rangi. Ubuyu mweupe ukichaguliwa na wageni, umeokoa gharama na hofu.

Muda unanikimbia. Unyevu: sukari huvuta maji, ubuyu ukanata ukawa bonge moja. Chukua pakiti 20, zipime kwa mzani unaosoma gramu 0.1. Kumi weka kivulini, kumi ndani ya sanduku la bati juani, kwa wiki nne, kisha pima tena. Zilizoongezeka uzito, pakiti yake inapitisha unyevu. Zikilowa au kunata bila kuongezeka, uliufunga kabla haujakauka. Ni makosa mawili tofauti, na mfuko wa bei ghali hautibu la pili.

Lebo: Uingereza inataka anwani ya mhusika aliye huko, wewe au mwagizaji wako. Oman inataka maandishi ya Kiarabu. Mpate mwagizaji kabla ya kuchapa, maana jina lake ndilo litakaloingia pale.

Gharama za usafiri sitazifikia leo. Mwenye pakiti yake hapa ailete mbele, tusome lebo pamoja.