Ritifaa ya Ng'ombe: Ukali na Ulegevu katika Usanifu wa Wavuti

Ndugu zangu, naomba nianze na ng'ombe.

Mwaka 2006 nilitengeneza tovuti ya ushirika mmoja wa wafugaji. Siku hizo nilikuwa muumini kwelikweli wa XHTML, yaani HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) iliyofungwa na sheria kali za XML, lugha ya kupanga data: kila tagi, ile alama inayoonyesha kipande cha ukurasa ni nini, ifungwe, kila kitu kikae mahali pake, na mgeni mwenye kivinjari cha Firefox apelekewe ukurasa kama XML halisi. Siku ya uzinduzi katibu akaingiza picha kupitia fomu niliyomtengenezea, na maelezo yake akaandika: Ng'ombe wa maziwa. Kiolezo changu, yaani msimbo unaojaza maneno ndani ya ukurasa, kikayapokea kikayaweka kwenye alt, sehemu ya maelezo ya picha, kikatoa hivi:

<img src='picha1.jpg' alt='Ng'ombe wa maziwa' />

Mmeiona? Ritifaa ya ng'ombe, kile kialama baada ya "Ng", imefunga nukuu kabla ya wakati wake. Kwa sheria za XML hilo halina msamaha. Programu inayosoma hairuhusiwi kubahatisha, inasimama palepale. Wenye Firefox wakakuta skrini ya njano yenye maandishi mekundu na namba ya mstari uliokosewa. Wenye Internet Explorer, ambao seva iliwapelekea HTML ya kawaida kwa kuwa kivinjari chao hakikuielewa XHTML halisi (kiliielewa toleo la 9, mwaka 2011!), wakamwona ng'ombe wao bila shida. Katibu akanipigia simu: "Kijana wangu, mbona umetuanika mbele ya wageni?" Kosa langu, aibu yake. Hapo ndipo imani yangu ilipoanza kuyumba.

Lakini tusiwaonee watu wa ukali, maana walikuwa na hoja. Tangu Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, vivinjari vimekuwa vikisamehe makosa, na kila kimoja kilisamehe kwa namna yake. Ukifungua herufi nzito, ukafungua za mlazo, kisha ukafunga nzito kwanza, kivinjari hiki kinajenga mti huu wa ukurasa (mpangilio wa nini kiko ndani ya nini), kile kinajenga mwingine. Wahandisi wa kivinjari cha Opera na wa Mozilla, wenye Firefox, walipoteza muda mwingi kuchungulia Internet Explorer inakosea vipi ili nao wakosee vilevile. Na wadukuzi hupenda sana pengo la namna hiyo: kichujio kinasoma maandishi kwa njia moja, kivinjari kwa njia nyingine, na msimbo wa sumu unapenya katikati. Basi XML ilipotoka mwaka 1998, na XHTML 1.0 ikafuata mwaka 2000, ilionekana dawa imepatikana.

Dawa ilikuwa na kasoro moja: mgonjwa hakuinywa. Watu waliandika XHTML, wakaweka vile vimikwaju vya mwisho, kisha seva zao zikazituma kurasa kama HTML ya kawaida, na vivinjari vikaendelea kusamehe kama zamani. Ukali ulibaki kwenye mavazi tu. Wakati huohuo shirika la viwango la W3C lilikuwa limezama kwenye XHTML 2, lugha ambayo haikujali sana kurasa zilizokwisha kuandikwa duniani.

Juni 2004, kwenye warsha ya W3C huko San Jose, Mozilla na Opera walipendekeza HTML iliyopo iendelezwe hivyohivyo ilivyo. Kura zikapigwa: 8 zikaunga mkono, 14 zikakataa. Wiki hiyohiyo waliokataliwa, pamoja na Apple, wakaunda kundi lao, WHATWG. Oktoba 2006 Berners-Lee mwenyewe akakiri kwamba kuitaka dunia ihamie XML kwa mkupuo hakukufaulu. Mwaka 2009 W3C ikatangaza kuwa kundi la XHTML 2 halitaongezewa muda, na HTML5, toleo lililotokana na kazi ya WHATWG, ikapitishwa rasmi Oktoba 2014.

Wengi huisimulia habari hii kana kwamba ulegevu ulishinda. Mimi naisoma tofauti. WHATWG walikaa wakaandika, hatua kwa hatua, kivinjari kifanye nini kikikutana na kila aina ya uchafu. Ile nzito na mlazo zilizopishana ina kanuni yake. Ng'ombe wangu naye ana kanuni yake: alt inakuwa "Ng", halafu "ombe", "wa" na "maziwa" vinageuka sifa zisizo na maana, na safari inaendelea. Vivinjari vyote vinatakiwa kukosea sawasawa. Huo ni ukali, tena mkubwa kuliko wa XHTML, ila umebebeshwa watengenezaji wa vivinjari, watu wachache wenye mishahara, badala ya katibu wa ushirika. Kwenye kanuni za usanifu wa HTML ikawekwa hata ngazi ya nani asikilizwe kwanza: mtumiaji, kisha mwandishi wa ukurasa, kisha mtengeneza kivinjari, kisha waandika viwango, na usafi wa nadharia mwisho kabisa.

Mtaniuliza: mbona JSON, muundo ambao programu hutumia kupelekeana data, ni kali na hakuna anayelia? Mkato mmoja ukizidi mwishoni, data yote inakataliwa. Ni kweli, lakini kosa hilo humrudia msanidi mwenyewe akiwa mezani kwake, kabla mgeni hajafika. Na cheti cha usalama, kile kinachothibitisha kuwa tovuti ni yenyewe, kikiisha muda, kivinjari kinamzuia mgeni kwa kumlinda. Kwa hiyo mimi kila nikiona kanuni kali nauliza inapovunjwa anayeumia ni nani.

Sasa nimalizie ya ng'ombe, kwa sababu hainipi raha. Usiku ule sikurekebisha kiolezo. Nilibadilisha mstari mmoja kwenye seva, kurasa zote zikaenda kama HTML, njano ikatoweka, nikalala. Miaka miwili baadaye mgeni asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini, aliuandikia ushirika kuuliza ile picha ya juu ni ya nini, maana kila akiifikia anasikia "Ng" tu, basi. Miaka miwili ukurasa ulikuwa unamsamehe msanidi, na hakuna mtu aliyejua.

Karibuni maswali.