Mnauliza Kama Mchungaji Wangu Ana Mke: Ndiyo, ni Mwanamke na Ana Mke

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Leo nilikuwa nimewaahidi video ya kodi ya mapato, na karatasi zimetandazwa hapa mezani mnaziona. Itabidi zisubiri. Tangu niweke ile video ya ubatizo wa mwanangu, komenti ni moja tu inajirudia kwa sauti tofauti. "Dada, yule mama wa koti la bluu mbona ametambulishwa kuwa mke wa mchungaji, na mchungaji mwenyewe ni mwanamke?" Ametambulishwa hivyo kwa sababu ndivyo alivyo. Mchungaji wangu ni mwanamke na ana mke. Haya, pumueni, tuendelee.

Najua kuna ambao vidole vimeshaanza kuandika. "Ulaya imemharibu." Kwanza niko Marekani, Saint Paul, Minnesota. Mwingine atasema najionyesha nimestaarabika kuliko nyie. Mwingine atasema naisema vibaya nchi iliyonipokea. Yote hapana. Mnauliza, najibu, na ninachosema ni cha kwangu mimi na kanisa ninalosali. Jirani yako aliyeko Texas anaweza kukupa habari nyingine kabisa na akawa anasema kweli.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, kipaimara nimepata KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, kwa hiyo nilipofika huku nikatafuta Walutheri. Jina la kanisa ni lile lile, nyimbo nyingi ni zile zile. Kilichonishangaza ni namna mchungaji anavyopatikana. Kwetu dayosisi inampangia mchungaji usharika, asubuhi mnaambiwa huyu anahamia Mafinga, yule anakuja. Hapa, kwenye hili kanisa la ELCA, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, usharika ndio unaomwita mchungaji. Wanaunda kamati, wanapokea majina kutoka sinodi, ambayo ni kama dayosisi, wanamhoji mtu, wanamsikiliza akihubiri, halafu washarika wanapiga kura. Kwa hiyo anayeniandikia kwamba "mmeletewa shoga kwa nguvu" hajui utaratibu. Usharika usiotaka mchungaji wa namna hiyo hauletewi. Zipo sharika za ELCA dakika chache kwa gari kutoka hapa nilipokaa ambazo hazijawahi kumwita, na hakuna aliyezifungia mlango.

Jambo lenyewe, la mchungaji kuwa na mwenzi wa jinsia moja, liliamuliwa Agosti 2009, hapo Minneapolis ng'ambo ya mto, kwenye mkutano mkuu wa ELCA. Kabla ya hapo mtu mwenye hisia za jinsia moja aliweza kuwa mchungaji, sharti aishi bila mwenzi. Akiwa na mwenzi, anaondolewa. Mchungaji Bradley Schmeling alikuwa Atlanta, aliondolewa kwenye orodha ya wachungaji 2007 kwa sababu hiyo, usharika wake ukaendelea kuwa naye hivyo hivyo. Akarudishwa 2010, baadaye akaja kuhudumu hapa hapa Saint Paul, usharika wa Gloria Dei. Na kabla yake, 2001, usharika mmoja wa hapa mjini, St. Paul-Reformation, ulimbariki Anita Hill kuwa mchungaji bila ruhusa, ukapewa karipio rasmi la kanisa. Kwa hiyo msidhani Wamarekani waliamka siku moja wakafungua mlango. Waligombana miaka na miaka, kwa vikao na makaratasi, kama mnavyogombana nyie juu ya jengo la usharika.

Kura ya kuwaruhusu wachungaji hao ilikuwa 559 kwa 451. Hesabuni wenyewe, si ushindi wa kishindo. Siku mbili kabla ya kura hiyo walipitisha waraka wa mafundisho kuhusu mambo ya ndoa na jinsia, uliohitaji theluthi mbili. Ukapata 676 kwa 338. Hiyo ni theluthi mbili kamili, kura moja ikihamia upande wa pili, waraka unaanguka. Na siku hiyo hiyo kimbunga kikapita katikati ya Minneapolis, kikaharibu mnara wa kanisa la Central Lutheran, jirani kabisa na ukumbi wa mkutano. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, nina bibi wawili Walutheri, mmoja wa asili ya Norway na mwingine Mswidi. Mmoja husema Mungu aliongea siku ile. Mwenzake anamjibu kuwa Minnesota mwezi wa nane vimbunga ni kawaida, na kama Mungu angetaka kuongea angepiga ukumbi, si msalaba. Wanabishana hivyo mpaka uji unapoa. Mimi nasubiri na kijiko changu.

Kitu ambacho watu wa nyumbani hamsimuliwi ni kwamba waraka ule wenyewe ulikiri kuwa kanisa halijakubaliana. Ulitaja misimamo tofauti, ukiwamo wa wale wanaoona ni dhambi, ukasema wote wabaki na kila mmoja aheshimu dhamiri ya mwenzake. Mnaniuliza msimamo wangu? Kuhusu ndoa sijabadilika, ni ule niliofundishwa na mwinjilisti wangu. Mchungaji wangu hajawahi kuniuliza, na sijawahi kumwambia. Nasali pale. Kama hilo linakukera wewe uliyeko Makambako, mimi linaniacha nalala.

Siyo kwamba haikugharimu. Mamia ya sharika waliondoka. Na kuondoka kuna makaratasi: mkutano wa usharika, theluthi mbili wakubali, halafu mnasubiri angalau siku 90 mkizungumza na askofu, halafu mkutano wa pili, theluthi mbili tena. Usharika wetu haukuondoka, zilizoondoka ni familia, na bahasha zao za sadaka. Mshahara wa mchungaji unatoka kwenye bahasha hizo, hakuna makao makuu yanayokulipia. Nimekaa kwenye mkutano wao wa mwaka, Januari, chini kwenye ukumbi wa kahawa. Saa nzima walijadili mtambo wa kupasha joto jengo, ubadilishwe au utiwe viraka. Mzee mmoja alikuja na bomba lenye kutu kwenye mfuko wa plastiki akalizungusha meza kwa meza watu walione. Yule wa koti la bluu, mke wa mchungaji, alikuwa anapita na birika. Hakuna aliyetaja ndoa yake. Walitaja bei ya gesi.

Mama ninayefanya naye zamu ya usiku ni Mkongo wa Lubumbashi, Mmethodisti. Alikuwa ananicheka sana. Mei 2024 Wamethodisti wake wakakutana Charlotte, wakafuta katazo lao la wachungaji wenye uhusiano wa jinsia moja kwa kura 692 kwa 51, akaacha kucheka. Tena kwao waliotaka kuondoka kabla ya hapo walitakiwa kulipa michango ya miaka miwili kwa kanisa kuu, pamoja na sehemu yao ya deni la pensheni za wachungaji, na bado sharika zaidi ya 7,600 za Marekani zikaondoka. Yeye amebaki, kwa sababu mkutano ule ule ulipitisha mpango wa kila kanda kujiwekea kanuni zake, na kwao Kongo anajua itakuwaje. Hayo ni yake, mwulizeni yeye.

Sasa nije kwenye langu, maana nimelibeba muda mrefu.

Mwaka 2010 maaskofu wetu wa KKKT walitoa Tamko la Dodoma. Walikataa ndoa hizi, na wakasema hata ushawishi na fedha za wanaoziunga mkono hawazitaki. Sawa, ni haki yao, tena walisema waziwazi, na mimi nawaheshimu. Ila Sinodi ya Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wana undugu wao wa Bega kwa Bega tangu miaka ya 1980, na huku bado watu wanachangia karo za wanafunzi wasiowajua. Sijasikia mtoto aliyerudisha karo. Siwacheki, jamani. Nasema tu kwamba maisha ni mapana kuliko tamko.

Mwanangu alipobatizwa, nilitaka aandikwe pia kwenye kitabu cha usharika wa nyumbani, pale alipo bibi yake. Nikatuma picha ya cheti kwa WhatsApp. Wakasema wanataka halisi. Nikampa mtu aliyekuwa anasafiri, kikafika. Wakasema kitafsiriwe. Kikatafsiriwa, na nimelipia. Halafu kijana mmoja wa ofisini akaingiza jina la mchungaji kwenye simu, akaona picha ya harusi. Cheti kikapelekwa kikao cha wazee wa kanisa, na hadi ninavyoongea na nyie kipo kwenye kikao. Mama yangu ameitwa ofisini kuulizwa mimi nimejiunga na dini gani. Mama yangu! Mjane, anayefagia kanisa lile kila Jumamosi.

Na wakati huo huo mchango wangu wa mabati umetangazwa ibadani, jina langu limesomwa, watu wamepiga vigelegele. Ile pesa nimeipata kwa kuogesha wazee wa Minnesota, na nusu ya wazee hao ni washarika wa mchungaji huyo huyo. Mabati ni masafi, mtoto ana kasoro?

Kwa wanaopenda hoja, Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 8, linasema sakramenti ni halali hata ikitolewa na mtu mwovu, kwa kuwa nguvu yake ni ya Kristo. Tulikariri hilo tukiwa watoto. Na hapo sijasema mchungaji wangu ni mwovu. Nasema hata ukimhesabu hivyo, kwa Kilutheri mwanangu amebatizwa, na cheti hakina cha kujadiliwa.

Mtaniambia nimehongwa. Ni kweli nilipokuwa sina historia ya mikopo na mwenye nyumba hataki kunipangisha, mchungaji aliandika barua na kuweka sahihi yake. Mtanzania mwenzangu, ninayemwita shemeji, niliyemwomba kwanza, simu yake ilikuwa haipatikani wiki nzima na statasi anaweka. Sijasema zaidi.

Kuna mdada anakuja kusoma hapa, ameniuliza asali wapi. Mdogo wangu, siwezi kukuamulia. Ukiona hili litakusumbua, piga simu ofisi ya usharika kabla hujahama nyumba, uliza mchungaji ni nani na wanafuata kanisa gani. Watakujibu bila kukasirika, wamezoea. Wapo Walutheri wa makanisa mengine wasiokubali kabisa jambo hili, na wapo Watanzania wanaosali huko kwa amani. Wapo pia tunaokutana kusali Kiswahili sebuleni kwa mtu mara moja moja, na huko hakuna anayemwuliza mwenzake Jumapili alikuwa wapi. Angalia pia basi linapita wapi, maana theluji ikianza utajua hujui.

Na wale mlioomba namba ya mchungaji ili mmhubirie, siitoi. Mwenye neno na wazee wa kanisa kuhusu kile cheti, huyo aje inboksi.