Mwendo wa Basi la Mkoa, Miguu Hewani

ZUHURA: Hodi hodi wenyewe! Karibuni tena kibarazani. Mimi ni Zuhura, niko Unguja, feni inazunguka, umeme upo. Mwenzangu kama kawaida yuko Uingereza kwenye baridi yake.

MBARAKA: Shikamoo, da Zuhura.

ZUHURA: Marahaba. Wasikilizaji, leo sikuleta mgeni kwa sababu mgeni ni huyu huyu. Jumamosi iliyopita nampigia simu, nasikia watu wanapiga makelele kama nyumba inaungua. Namuuliza uko wapi, ananambia yuko kwenye foleni.

MBARAKA: Nilikuwa kwenye foleni kweli.

ZUHURA: Foleni ya nini? Waambie.

MBARAKA: Ya rola kosta, kile kitreni cha kupandisha watu juu na kuwaporomosha.

ZUHURA: Mtu mzima, ana mke, ana watoto wawili, anapanga foleni saa nzima akatishwe. Na analipa!

MBARAKA: Saa na robo. Na sikuwa na watoto, walikuwa kwa shangazi yao.

ZUHURA: Astaghafiru. Basi mimi nilidhani tuna watu wawili timamu kwenye kipindi hiki. Umeshapanda ngapi mpaka leo?

MBARAKA: Sabini na tatu. Nina daftari. Na sisi hatuhesabu mara, tunahesabu njia. Moja ukiipanda mara ishirini, bado ni moja.

ZUHURA: "Sisi." Kumbe mna chama.

MBARAKA: Chama hatuna, ila tunajuana tu hapo kwenye foleni. Mwenzetu utamjua: viatu vimefungwa fundo mara mbili, mfuko una zipu, hana haja ya kupiga kelele, anatazama magurudumu. Ukimwona mtu anaacha nafasi mbele ipite anasubiri kiti cha nyuma kabisa, huyo ni mwenzetu.

ZUHURA: Kwa nini cha nyuma? Si hutaona kitu.

MBARAKA: Huoni, lakini unavutwa. Fikiria treni ndefu inapita juu ya kilima. Mabehewa ya mbele yakishaanza kuporomoka, ya nyuma bado yanapanda. Yanavutwa, kwa hiyo yanafika kileleni kwa kasi kuliko ya mbele. Wewe uliyekaa nyuma unang'olewa kitini.

ZUHURA: Na hilo kwako ni jambo zuri.

MBARAKA: Ndilo lenyewe!

ZUHURA: Haya. Kabla hatujaenda mbali, hiki kitu kwa Kiswahili tukiiteje? Mwanangu anasema "treni ya kuporomoka".

MBARAKA: Mwanao kapatia. Mimi nasema rola kosta tu. Wafaransa wanaviita milima ya Kirusi, maana Warusi zamani walikuwa wanajenga miteremko ya mbao, wanaimwagia maji yagande, halafu wanateleza. Ukienda Urusi kwenyewe, wao wanaviita vilima vya Kimarekani.

ZUHURA: Yaani kama ugonjwa. Kila mtu anasema umetoka kwa jirani.

MBARAKA: Na huyo Mmarekani anayesingiziwa ni LaMarcus Thompson. Mwaka 1884, Coney Island, New York, alifungua kigari chake, senti tano kwa kila aliyepanda. Mwendo wake kilomita kama kumi kwa saa.

ZUHURA: Punda wa kubeba mchanga anaipita hiyo.

MBARAKA: Anaipita. Na watu walijaa.

ZUHURA: Wewe sasa. Ugonjwa ulikupata wapi? Hapa Unguja hakuna rola kosta.

MBARAKA: Lakini pembea zipo. Niliupata Kariakoo ya hapo hapo Unguja, siku ya sikukuu. Nina miaka minane, mkono wa sikukuu wote mfukoni, nikaumalizia palepale. Wenzangu wananunua aiskrimu, mimi narudi kwenye foleni ya pembea. Unajua ikifika juu kabisa, kabla haijaanza kurudi? Kuna nukta moja tumbo linabaki juu na wewe unashuka. Basi mimi ninayoitafuta ni nukta hiyo tu. Nimeitafuta Staffordshire huku Uingereza, nimeitafuta Ohio kule Marekani...

ZUHURA: Na Abu Dhabi. Tuanze na Abu Dhabi, maana hapo na mimi hupita.

MBARAKA: Hiyo ilikuwa safari ya kuja nyumbani. Nilikuwa na masaa kumi na mawili ya kusubiri ndege. Wenzangu wamelala kwenye viti, mimi nimeita teksi naelekea kisiwa cha Yas, si mbali na uwanja wa ndege. Pale ndipo ulipo uwanja wa burudani wa Ferrari World, umefunguliwa 2010, na ndani yake kuna kitu kinaitwa Formula Rossa. Gari jekundu, umbo la gari la mashindano. Kabla ya kuondoka unapewa miwani ya kuziba macho kabisa, kama ya mchomea vyuma.

ZUHURA: Ya nini?

MBARAKA: Mchanga, da Zuhura. Na wadudu. Inatoka sifuri inafika kilomita 240 kwa saa, kwa sekunde 4.9.

ZUHURA: Subiri. Mia mbili na arobaini?

MBARAKA: Mia mbili na arobaini. Haina mnyororo wa kukupandisha taratibu. Inavutwa na kamba za chuma, mashine ya haidroliki inazikusanya kwa mkupuo mmoja. Umekaa ndani kwenye kivuli, kimya, halafu ghafla uko nje kwenye jua na mashavu yako yameshahamia masikioni. Mdomo niliufungua nipige kelele, ukakauka. Sauti haikutoka.

ZUHURA: Si umesema nyie hampigi kelele.

MBARAKA: Hapo nilijaribu. Sasa, nitasema jambo ambalo wenzangu hawatalipenda. Mimi haikunikaa moyoni. Ni kama kuzabwa kofi: umelisikia, limekwisha. Baada ya ule mvuto wa mwanzo, kilichobaki ni upepo. Ningekuwa nina masaa kumi na mawili mengine pale, ningelala.

ZUHURA: Kwa hiyo anayesema kasi ndiyo utamu...

MBARAKA: Hajapanda Nemesis. Hapo nipe nafasi.

ZUHURA: Uwanja wako.

MBARAKA: Nemesis ni rola kosta ya Alton Towers, uwanja wa burudani ulioko Staffordshire. Ni shamba la zamani la mabwana wa Kiingereza, lina magofu ya jumba lao na bustani. Majirani na serikali ya mtaa walishasema: hakuna kujenga kitu kinachochomoza juu ya miti. Sasa unajengaje rola kosta ya kutisha ambayo hairuhusiwi kuonekana?

ZUHURA: Hujengi. Unauza juisi.

MBARAKA: Wao wakachimba. Mbunifu wao John Wardley alisimamia, wakalipua mwamba kwa baruti mpaka wakapata shimo kubwa, wakaipitisha reli ndani yake. Ikafunguliwa 1994. Na huketi juu ya reli, unaning'inia chini yake. Viti kama vya bembea, sakafu wanaiondoa, miguu iko hewani. Kuna maji mekundu yanatiririka humo kama damu. Urefu wake kwenda juu ni mita 13. Mnazi wa kwenu unaipita. Na kasi yake ni kilomita 81 kwa saa.

ZUHURA: Hiyo si mwendo wa basi la mkoa?

MBARAKA: Mwendo wa basi la mkoa! Lakini umefungwa chini ya basi, miguu nje, na basi linapita ndani ya ufa wa mwamba. Jiwe linakujia hivi, unakunja miguu mwenyewe bila kutumwa. Watu wote wanakunja. Nafasi ipo ya kutosha, wameipima, hutagusa kitu, akili yako inajua, magoti hayajui. Wamepanda hapo miaka na miaka na bado wanakunja.

ZUHURA: Na wewe?

MBARAKA: Mimi mara ya kumi na moja nilisema leo sikunji. Nikakunja.

ZUHURA: (anacheka) Bado ipo?

MBARAKA: Ipo. Mwishoni mwa 2022 waliifunga, wakabadilisha sehemu kubwa ya reli kwa chuma kipya, ikarudi Machi 2024 kwa jina la Nemesis Reborn. Njia ni ileile. Tulihofia wataiharibu. Kwa kweli imekuwa laini zaidi, na kuna wazee wanaolalamika kwamba imekuwa laini.

ZUHURA: Nyie watu hamna shukrani. Hebu sasa nambie kuhusu usalama, maana mimi nikisikia ule mlio wa ka-ka-ka-ka treni inapopandishwa, hata kwenye video, naweka simu chini.

MBARAKA: Ule mlio ndio unaotakiwa uushukuru. Chini ya behewa kuna ulimi wa chuma, unaruka juu ya meno yaliyopangwa katikati ya njia. Kila "ka" ni jino moja limepitwa. Mnyororo ukikatika, behewa linakaa kwenye jino lililo nyuma yake. Haliwezi kurudi.

ZUHURA: Yaani kinachoniogopesha ndiyo breki yangu? Si wangeandika kibao!

MBARAKA: Na magurudumu si ya juu tu. Kuna yanayokanyaga reli, kuna ya ubavuni, na kuna yaliyo chini ya reli yanayoishika isinyanyuke. Hayo ya chini ni kazi ya John Miller, Mmarekani, miaka zaidi ya mia iliyopita. Bila yeye vilima vingebaki kama vya Thompson, vya punda.

ZUHURA: Na hujawahi kukwama?

MBARAKA: Nimekwama. Jina la mahali silitaji. Tulikuwa tumebakisha kama mita kumi kufika kileleni. Ka-ka-ka, kimya. Dakika tano, kumi. Kuna upepo huko juu ambao chini haupo. Nyuma yangu bibi mmoja wa Kiingereza akatoa peremende mkobani, akaanza kuzipitisha behewa hadi behewa kwa adabu kabisa, kama tuko msibani.

ZUHURA: Na kumbe nini kilitokea?

MBARAKA: Njia ya rola kosta imekatwa vipande, na kila kipande kinaruhusiwa treni moja tu. Kitambuzi cha mbele kikisema bado kuna treni, kompyuta inakuzuia nyuma. Siku hiyo kitambuzi kiliona treni ambayo haikuwepo. Mashine ilifanya kazi yake. Tatizo langu lilikuwa ngazi.

ZUHURA: Ngazi gani?

MBARAKA: Pembeni ya njia kuna ngazi nyembamba ya chuma, ya mafundi. Baada ya dakika arobaini wakaja wakatufungua mmojammoja, tukashuka kwa miguu. Ngazi ya matundu, unaona chini mpaka kwenye paa la duka la chipsi. Nilihesabu vidato mpaka mia na themanini nikaacha. Nilitetemeka, da Zuhura. Mimi, mwenye daftari! Yule bibi wa peremende alinipita.

ZUHURA: Kwa hiyo kuporomoka umefungwa huogopi, unaogopa kushuka ngazi.

MBARAKA: Kabisa. Wakatupa kikaratasi cha kupanda bila foleni. Nikapanda tena jioni ileile.

ZUHURA: Huna akili. Ohio je? Maana umeitaja.

MBARAKA: Binamu yangu anaishi Columbus. Nilimwambia nakuja kumsalimia, na nilimsalimia kweli, siku mbili. Ya tatu nikaenda Sandusky, kwenye uwanja wa burudani wa Cedar Point. Iko kwenye ulimi wa ardhi ndani ya Ziwa Erie, maji huku na huku. Wana mbao za mwaka 1991 zilizokuwa za rola kosta moja iitwayo Mean Streak, iliyokuwa inatingisha watu mifupa mpaka wakaichoka. Badala ya kuibomoa yote, wakaacha mbao nyingi, wakatandika reli ya chuma juu yake. Ikafunguliwa 2018 kwa jina Steel Vengeance. Mita 62 kwenda juu. Na kuelea! Jumla ya sekunde 27 uko juu ya kiti, hukigusi, kimekushika chuma cha mapajani tu.

ZUHURA: Sekunde ishirini na saba mfululizo?

MBARAKA: Hapana, vipande vipande. Kilima, unanyanyuka. Kilima, unanyanyuka. Ndiyo maana nilipokwenda mimi simu haikuruhusiwa, ikitoka mfukoni ni jiwe. Ile ndiyo nukta yangu ya Kariakoo, imezidishwa. Nilishuka nalia. Kijana wa mlangoni akauliza kama ni mzima.

ZUHURA: Lakini mdogo wangu, kunyanyuka, kushuka, kunyanyuka, kushuka... Mimi hiyo naipata kwenye boti ya Pemba, pale Mkondo wa Nungwi, msimu wa kusi. Sina haja ya Ohio.

MBARAKA: Na unatapika.

ZUHURA: Natapika, lakini nafika Pemba! Wewe unashuka palepale ulipopandia. Haya, swali la dada zangu wanaosikiliza: mwenye ushungi anafanyaje?

MBARAKA: Nilikokwenda mimi wanataka ncha ziingizwe ndani ya nguo, zisipepee, na pini ziondolewe. Mke wangu huvaa ule wa michezo unaobana. Amepanda mbili, akasema zinamtosha kwa maisha yake yote.

ZUHURA: Mwanamke mwenye busara. Na mama? Alipokuja kukutembelea, ulimpeleka?

MBARAKA: Nilimpeleka Alton Towers. Akakataa kupanda chochote, akasema yeye atakaa na mikoba. Nikamkalisha pale kwenye kijia ambako Nemesis inapita karibu na watu, unaweza kuwaona wanavyoning'inia. Nikapanda mbele kabisa. Nikarudi nahema, nikamwuliza, "Mama, umeniona?"

ZUHURA: Akasemaje?

MBARAKA: "Nimeona miguu tu. Soli ya kushoto imeachia."

ZUHURA: (anacheka) Na kweli?

MBARAKA: Imeachia kutoka kisiginoni mpaka katikati. Tulikwenda kutafuta gundi.

ZUHURA: Gundi! Si ununue viatu?

MBARAKA: Da Zuhura, unajua bei ya tikiti?