Mzee Mwenye Kazi ya Kufanya

Wazee wangu, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Niruhusuni nianze na bibi mmoja, Sally Gabori. Alizaliwa yapata mwaka 1924 katika kisiwa cha Bentinck, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1948 bahari ilifurika ikaharibu maji baridi ya kisiwa, na watu wake, Wakaiadilt, mojawapo ya jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wakahamishiwa misheni iliyokuwa kisiwa jirani cha Mornington. Watoto wakatengwa na wazazi, wakawekwa mabwenini. Lugha yao, Kayardild, ikabaki vinywani mwa wachache. Bibi akazeekea ugenini, kwao akikuona kwa nadra.

Mwaka 2005, umri ukiwa yapata miaka 80, aliingia kituo cha sanaa cha Mornington akashika brashi. Wakaiadilt hawakuwa na mila ya kuchora, kwa hiyo hakuwa na wa kumwiga. Alichora nchi: pwani ya baba yake, ya kaka yake, ya mumewe. Sehemu ile ile aliirudia mara nyingi, leo kwa waridi, kesho kwa nyeupe na nyeusi. Alipofariki mwaka 2015 alikuwa amechora zaidi ya picha 2,000. Hesabuni wenyewe kwa miaka ile michache, halafu mniambie nani alisema bibi wa miaka 80 apumzike.

Sasa, mkisikia "kituo cha sanaa" msiwaze ukumbi wenye kiyoyozi na picha ukutani. Katika vijiji vya jangwani ni jengo la kawaida, mali ya wanakijiji wenyewe, lenye rangi, chai na gari. Gari lile ndilo linalompitia bibi nyumbani asubuhi. Watu wa kituo wanamsomea barua za serikali, wanampigia simu daktari, wanagundua mapema kwamba wiki hii hali yake si nzuri. Wajukuu wanakaa kando yake, naye anawaeleza mlima huu ni wa nani na maji yako wapi. Kumbukeni kwamba serikali ya Australia inawafungulia Waaborijini huduma za wazee wakiwa na miaka 50, wengine wakisubiri hadi 65. Tofauti hiyo ya miaka 15 inaeleza mengi kuhusu afya zao.

Na hapa nakuja kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kintore ni kijiji cha Wapintupi, Waaborijini wa jangwani, zaidi ya kilomita 500 magharibi mwa mji wa Alice Springs. Mzee wa Kintore figo zikifeli, ilimbidi ahamie Alice Springs moja kwa moja, maana damu husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Akawa anaishi mjini mbali na ardhi yake, mbali na sherehe alizotakiwa yeye kuziongoza. Wengine waliona heri kufa kwao kuliko kupona mjini.

Wachoraji wa Kintore na wa Kiwirrkura, kijiji kingine cha Wapintupi, wakakaa chini. Wanaume wakachora turubai zao kubwa, wanawake zao. Mnada ukafanyika Sydney, Novemba 2000, na zaidi ya dola milioni moja za Australia zikapatikana. Mwaka 2004 mashine ya kusafisha damu ikaanza kazi Kintore. Wazee walijinunulia njia ya kurudi nyumbani kwa brashi!

Sitaki mtoke hapa mkidhani mambo ni asali tupu. Mchoraji mashuhuri huwa kisima cha ukoo mzima. Ndugu wanapanga foleni, na bibi anachora hata siku ambayo mgongo unamuuma. Wako pia madalali wa mijini wanaomchukua mzee, wakamfungia chumbani achore, wamlipe gari bovu. Baraza la Seneti lilichunguza biashara hii na kutoa ripoti mwaka 2007. Mzee mwenye kituo cha kijiji chake nyuma yake ana pa kukimbilia.

Shirika lililozaliwa na mnada ule linaitwa Purple House, na sasa lina mashine katika vijiji vingi, hata lori lenye mashine ndani, ili mgonjwa aliyeko mjini aende kwao kuzika au kusherehekea. Makao yake yako Alice Springs, kwa wale ambao bado hawajaweza kurudi. Nao hawakai bure: wanachuma majani ya dawa porini, wanatengeneza marhamu, wanauza.